Maji ya Ruvu na Jasho la Mkulima



Sisi wa Mapinga tunajua thamani ya maji. Bomba likitoa, tunamshukuru Mungu, kisha tunalipa bili ya DAWASA. Mtu wa tatu tunamsahau: mkulima wa milima ya Uluguru. Mto Ruvu unaanzia huko kabla ya kufika kwenye mtambo wa Ruvu Chini, hapa Bagamoyo. Mteremko ukilimwa bila kinga, mvua hushusha udongo mtoni, na gharama ya kusafisha maji hupanda.

Wakoloni Waingereza walijaribu kulinda milima ile kwa amri. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi bila malipo. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa. Zikazuka ghasia na mpango ule ukaachwa.

Miaka hamsini baadaye ikaja njia nyingine. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi Kibungo Juu na vijiji jirani. Watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, wakiwemo DAWASCO ya wakati ule na kampuni ya Coca-Cola, walikubali kuchangia malipo kwa wakulima. Aliyechimba matuta au kupanda miti alilipwa kulingana na kazi na ukubwa wa eneo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, analima upande ule wa milima. Likizo iliyopita nilimuuliza: “Mjomba, kutunza uumbaji si wajibu wetu sote? Kwa nini mtu alipwe?”

Akacheka. “Baba, ukipata upadre utatoa huduma bure, lakini waumini watakulisha. Mimi nikiacha kipande cha shamba kiote miti ili ninyi wa chini mpate maji safi, wanangu atawalisha nani?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafakari neno lake tangu hapo, na naona alitenganisha mambo mawili tunayoyachanganya: sadaka na haki. Sadaka hutolewa na mwenye nacho kwa hiari yake. Kumwomba maskini wa mlimani apunguze shamba ili mwenye bomba Mapinga au Dar es Salaam anufaike, halafu tukaiita hiyo sadaka yake, ni kumtwisha mzigo wetu. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Wapo wanaosema malipo huharibu moyo: fedha zikikoma, jembe linarudi msituni. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa miradi huisha. Lakini matuta ya mjomba bado yapo, na anasema anayatunza kwa sababu udongo umebaki shambani na mahindi yanastawi. Malipo yalimvusha miaka ile ya mwanzo, kazi ilipokuwa nyingi na mavuno hayajaja. Amri ya wakoloni haikumvusha mtu.

Ndugu zangu, tuombeapo mvua katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuwataje na wakulima wa Uluguru. Na viongozi wakituuliza kuhusu bei ya maji, tuwe tayari kusema: sehemu yake ipande mlimani.