Yoga, perege na nira

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, najua, na wengine mmeshanitumia meseji kuuliza kama nime-disco. Sijadisco bwana! UE zilitubana, halafu nikaenda likizo nyumbani Nyumba ya Mungu, ambako mtandao unaupata ukipanda kichuguu na kuinua simu juu kama unaombea taifa. Nimerudi Mlimani juzi na nina mengi.

Kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Dar na basi la Moshi, ukishapita Same, milima ya Upare inakukaa kulia, kushoto ni tambarare kavu, migunga na vumbi. Unashuka Mwanga, unashika usafiri wa kwenda kushoto, unaungua jua wee, halafu ghafla maji. Bwawa lilijengwa katikati ya miaka ya 1960. Linapokea mto Kikuletwa na mto Ruvu, ule unaotoka Ziwa Jipe, na maji yakitoka pale ndiyo mto Pangani hadi baharini. Kituo cha umeme cha megawati 8 kilianza mwaka 1968. Mimi nimesomeshwa na perege wa bwawa hilo. Mama amepara samaki, ameanika na kubanika tangu sijazaliwa, na kazi hiyo yote inafanywa mtu ameinama. Mgongo wake umekwisha.

Sasa, wale mnaokaa na mimi hosteli mnajua habari ya yoga. Rafiki yangu Mkenya ndiye aliyenianzisha, jioni kwenye majani, nyie mkipita mnacheka. Yeye alijifunzia Nairobi kwa mtu aliyepitia Africa Yoga Project. Hao walianza mwaka 2007. Dada mmoja Mmarekani, Paige Elenson, alikuja Kenya kutalii akakutana na vijana wa sarakasi wanasimama kwa mikono, naye akajiunga nao palepale. Akaja kuanzisha mradi pamoja na mwalimu wake Baron Baptiste, wakawa wanafundisha vijana wa mitaa kama Kibera na Korogocho kuwa walimu, yaani yoga inakuwa ajira. Hapo ndipo masikio yangu yalisimama. Ajira!

Basi nikaanza kusoma, maana mimi kitu nikikipenda lazima nijue kilikotoka. Nikakutana na bibi mmoja ambaye tangu siku hiyo amenikaa kichwani. Anaitwa Indra Devi, lakini jina la kuzaliwa ni Eugenie Peterson, amezaliwa Riga mwaka 1899, enzi za mfalme wa Urusi. Mapinduzi yakawakimbiza na mama yake, akawa mwigizaji na mcheza dansi Berlin. Mwaka 1926 alikwenda Uholanzi kumsikiliza Krishnamurti, mwaka uliofuata akapanda meli kwenda India. Mwaka 1930 akacheza filamu Bombay, na hilo jina la Indra Devi ndilo la kwenye filamu. Mwaka huohuo akaolewa na mwanadiplomasia wa Czechoslovakia.

Mnaona mwenzetu! Mimi nauli ya Mwanga tu nasubiri bumu.

Lakini sehemu niliyoirudia mara tatu ni ya Mysore. Alikwenda kwa Krishnamacharya, mwalimu wa B.K.S. Iyengar na wa wengine wengi, akakataliwa. Sababu? Mwanamke, tena mgeni. Maharaja wa Mysore akamwombea, mwalimu akakubali shingo upande, akampa masharti makali ya chakula na ya kulala mapema ili achoke mwenyewe. Hakuchoka. Mwisho yule mzee aliyemkataa ndiye aliyemwambia sasa nenda kafundishe. Akafundisha Shanghai kuanzia 1939, na baadaye akafungua darasa Hollywood, mtaa wa Sunset Boulevard, mastaa kama Gloria Swanson wakawa wanafunzi wake. Akaandika vitabu. Mwaka 1985 akahamia Argentina, akiwa na miaka 86, umri ambao bibi zetu wanakaa barazani kukemea kuku. Alifariki Buenos Aires mwaka 2002, zimebaki wiki chache tu atimize miaka 103.

Kwa hiyo nimefika nyumbani nina hadithi hii yote tumboni, na nina fomu ya kozi ya ualimu ya saa 200 huko Nairobi. Nikasubiri mama amalize kubanika, nikamwamkia, nikamwambia alale chali kwenye mkeka, miguu juu ukutani, apumue taratibu. Akalala. Dakika kumi hakusema neno. Alipoinuka akasema, "Mwanangu, hii wameificha wapi siku zote?"

Wiki ya pili walikuwa wanawake watano uani kwetu, wote wapara samaki, na kanga zao wamezitandika chini. Wasichana wawili wa sekondari nao wakaja. Ndipo habari ikafika kanisani.

Mzee mmoja wa kanisa akaja jioni, akakaribishwa kiti, akanywa chai. Hakuja kwa shari, niseme ukweli. Akamwambia mama kwamba binti yako analeta ibada za Kihindi uani kwako, na wewe ni mwanakwaya, watu wanakutazama. Mama achague: mazoezi au kwaya. Mama ameimba kwaya miaka ishirini na mbili. Alizikiwa wazazi na kwaya ile. Mimi nilipozaliwa kwaya ndiyo iliyomletea uji.

Usiku ule tuliongea sana. Mimi na usomi wangu nikamwambia, mama, neno yoga kwenye Kisanskriti linatokana na kuunganisha, kufunga ng'ombe pamoja, ni nira ileile tunayosoma kwenye Mathayo sura ya 11. Nilijiona nimeshinda kesi (Wapare na kesi mnatujua). Mama akanitazama.

"Nira naijua. Nauliza ameishika nani."

Nikakwama. Maana wadau tusidanganyane, yoga imetoka kwenye dini, na siwezi kumwambia mama kwamba ni jimnastiki tu. Hata Indra Devi, aliyewafundisha Wamarekani kama afya na urembo, tangu mwaka 1966 alikuwa mfuasi wa Sathya Sai Baba. Alianza kwa kutafuta Mungu, akapitia misuli, akarudi kwa Mungu. Ningemficha mama hilo ningekuwa namuuzia samaki wa juzi. Nikamwambia yote. Nikamwambia pia kwamba babu zetu milimani walikuwa na misitu yao ya mpungi ya kuombea, na ya mshitu ya kuwafundia vijana, na leo tunakwenda kanisani bila kuwaita wazee wale mashetani. Akasema, "Wengine wanawaita." Ni kweli, wengine wanawaita.

Baba alikuwepo muda wote, anashona wavu. Alisema kitu kimoja tu, kwamba tangu aoe hajaona mama akilala usiku kucha bila kugeuka, ila wiki hizi mbili.

Asubuhi mama akapasi sare ya kwaya, akaikunja, akampelekea yule mzee mwenyewe. Akamwambia mazoezi ataendelea, wataanza na sala, hakuna kuimba neno asilolijua maana, na sare anaiacha mezani mpaka wakae kikao. Aliporudi nikamwuliza kama ameumia. Akasema, "Wataniita. Sauti ya pili hawana mtu." Halafu akaingia jikoni na hakutoka mpaka mchana, na makande siku hiyo yalikuwa na chumvi nyingi.

Jana nimempigia. Kikao bado. Jumapili alikaa benchi la nyuma, kwaya ikaimba ule wimbo ambao mwanzo wake huwa anaanzisha yeye, na mtu mwingine akaanzisha. Jioni wanakwaya wawili walikuja uani na kanga. Nikamwuliza habari ya Nairobi. Amesema nisiijaze fomu mpaka ajue wameamuaje, kwa sababu wakimkataa kwa ajili yangu anataka nilijue hilo kabla sijaandika jina.

Fomu inafungwa tarehe 15. Ipo chini ya godoro.

Alhamisi nina testi na sijagusa kitu, nawahi maktaba kabla viti havijaisha. Mwenye noti za wiki ya kwanza anitafute, tafadhali.