Mganga, Mchezaji na Pepo Mtoto

Kwenye albamu ya Miles Davis iitwayo "Get Up With It", iliyotoka mwaka 1974, kuna kipande kinaitwa "Maiysha". Ndivyo kilivyoandikwa, na hiyo y katikati. Albamu hii imetolewa upya mara kadhaa tangu wakati huo, kwa santuri na kwa CD, na y imebaki pale pale. Mimi ninayo matoleo mawili. Nimeyakagua yote kwa jicho la kazini, maana kazi inayonilisha ni kusahihisha miswada ya Kiswahili, na kalamu nyekundu huniwasha mkononi nikiona "maisha" yameandikwa vile. Lakini siku nikisikia kuna kampuni imelirekebisha jina hilo kwenye toleo jipya, nitaandika barua ya malalamiko.

Nieleze kidogo. Mimi hukusanya santuri za jazz ya Marekani ya miaka ya 1970 zilizochapwa upya, na si zote, ni zile tu zenye Kiswahili ndani yake. Za awali siziwezi. Nakala safi ya mwaka 1971 au 1972 huuzwa kwa bei ya kodi ya nyumba, na ukishaongeza usafirishaji na ushuru, basi tena. Toleo jipya nalo si rahisi, ila mtu anaweza kujibana miezi miwili akalipata. Wakusanyaji wa kweli hutudharau sisi wa matoleo mapya. Wanasema tunanunua picha ya kitu badala ya kitu chenyewe. Sawa. Mimi ninachotafuta kiko kwenye karatasi ya jalada, na karatasi hunakiliwa vizuri tu.

Chukua "Mwandishi" ya Herbie Hancock. Ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970, ikatoka 1971. Ina vipande vitatu tu. Cha kwanza, "Ostinato", kimetungwa kwa heshima ya Angela Davis, aliyekuwa gerezani wakati huo, na mdundo wake unahesabiwa kwa mapigo 15. Jaribu kuupigia makofi uone utakavyoachwa njiani. Wanamuziki sita wa kundi lile kila mmoja alikuwa na jina la Kiswahili. Hancock ni Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Bennie Maupin, mpiga saksafoni na klarineti ya besi, ni Mwile. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto.

Sasa wewe msomaji wa Kiswahili yasome hayo majina polepole. Mwandishi, kwa Kiingereza, mara nyingi huelezwa kuwa ni mtunzi wa muziki, ilhali kwetu mtunzi ni mtunzi na mwandishi ni mtu wa kalamu. Mchezaji anakupeleka moja kwa moja Simba na Yanga; mtu wa besi tungemwita mpigaji. Mwile bila shaka ni mwili uliopotea njia. Mganga, hapo wamepatia hasa, kwa sababu Henderson alikuwa daktari kweli, amesomea Chuo Kikuu cha Howard, akitibu wagonjwa mchana na kupuliza tarumbeta usiku. Ila kumweka Mganga na Pepo kwenye jukwaa moja, jamani! Kwetu pepo anapunguliwa. Mmoja akiingia, mwingine hutoka. Wao walikusudia roho changa, kitu chepesi na safi, na ukisikiliza tromboni ya Priester kwenye "Wandering Spirit Song", ambayo aliitunga mwenyewe, unaelewa walichotaka kusema.

Jabali ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Miaka hiyo hiyo, Dar es Salaam, Marijani Rajabu alikuwa anajijengea jina ambalo hadi leo mashabiki wake hawajalisahau: Jabali la Muziki. Majabali mawili, mabara mawili, na sina sababu ya kudhani kwamba mmoja aliwahi kumsikia mwenzake.

Majina haya hayakuokotwa kwenye kamusi ovyo. Aliyeyaleta ni James Forman, kijana wa Philadelphia, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, ambaye tayari alikuwa anajiita Mtume. Alikuwa amepitia kundi la Maulana Karenga kule California, lile lililoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na zile Nguzo Saba zake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. (Nikisoma "ujima" mimi bado naona kitabu cha historia cha sekondari na watu wanawinda kwa mawe, lakini tuliache hilo.) Mwishoni mwa 1969 ami yake, mpiga ngoma Albert Heath, alirekodi albamu inayoitwa "Kawaida", nyimbo nyingi humo zikiwa za Mtume. Ndani yuko Hancock, yuko Don Cherry, yuko Buster Williams. Vipande vinaitwa "Baraka", "Maulana", "Dunia", "Kamili". Heath mwenyewe jaladani ni Kuumba. Kitenzi kizima, na ku- yake mbele, kimegeuzwa kuwa jina la mtu. Na kwa nini kisiwe? Sisi tuna watu wanaitwa Tabu, Shida na Sikujua.

Toleo la "Kawaida" lilipofika, mjomba wangu wa Tanga alikuwa mgeni wetu. Mtu wa swala tano, msikilizaji wa taarabu ya zamani. Alilichukua jalada, akavaa miwani, akasoma majina moja moja kama anayekagua hati ya kiwanja. Halafu akanyanyua macho.

"Huyu naye ni Mtume wa wapi?"

"Wa Philadelphia, mjomba."

"Astaghfirullah." Kimya. "Ametumwa na nani?"

Nikamweleza kwamba kwao neno lilimaanisha mjumbe tu, mtu anayebeba ujumbe. Akatikisa kichwa. "Mjumbe ni mjumbe, mjomba. Hata wa nyumba kumi ni mjumbe. Mtume ni neno jingine." Alikuwa na haki, na sikubishana naye. Lakini santuri ilipoanza, hakunyanyuka. Alisikiliza upande wa kwanza wote, vidole vikigonga kwenye mkono wa kiti, akauliza tu kama yule wa filimbi ni Mwarabu.

Huyo Mtume alipiga ngoma kwa Miles Davis kuanzia 1971 hadi 1975, ndiyo maana "Get Up With It" ina kipande kingine kinachoitwa "Mtume". Baadaye, mwaka 1983, kundi lake lenye jina hilo hilo lilipata wimbo mkubwa wa kucheza, "Juicy Fruit", ambao miaka kumi na moja mbele uligeuzwa kuwa kiini cha "Juicy" ya Notorious B.I.G. Kwa hiyo neno la heshima kubwa kabisa katika Uswahili lilizunguka madisko ya dunia nzima bila wachezaji kujua wanatamka nini.

Kwenye albamu hiyo ya Miles kipo pia "Calypso Frelimo", zaidi ya nusu saa ya umeme, tarumbeta na ngoma. Kilirekodiwa Septemba 1973. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa jijini humo kwa bomu la kifurushi, Februari 1969. Kipande kiliporekodiwa vita vilikuwa bado vinapiganwa. Santuri ilipofika madukani, mkataba wa Lusaka ulikuwa umeshatiwa saini na uhuru wa Msumbiji ulikuwa umebakiza miezi. Toleo langu moja lina maelezo marefu sana kuhusu gitaa na vinanda. Kuhusu FRELIMO halina hata mstari. Hapo ndipo ninapowakasirikia hawa wachapaji wapya: karatasi nzito, santuri ya gramu 180, mkanda wa asili umesafishwa na fundi bingwa, halafu jina lililo juu ya kipande linaachwa kama vile ni sauti tu.

Rafiki yangu mmoja, mshairi wa Nairobi, ananiambia mimi nimerogwa. "Hawa walituchukulia lugha wakatuacha sisi," anasema. Hoja yake si ya kupuuza. Wengi wa mababu zao walichukuliwa kutoka magharibi na katikati ya Afrika, si pwani yetu. Kiswahili walikichagua kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, na kwa sababu Tanzania ya Nyerere ilikuwa inang'aa machoni mwao. Walichukua maneno wakaacha sarufi. Brooklyn palikuwa na kituo kiitwacho The East, na shule yake iliitwa Uhuru Sasa Shule, maneno yamepangwa Kiingereza kabisa. Mwanzilishi wake alijiita Jitu Weusi. Jitu jeusi, ndugu yangu! Mtume alirekodi "Alkebu-Lan" pale pale mwaka 1971, mbele ya watu, ikatolewa mwaka uliofuata na Strata-East, lebo ambayo Charles Tolliver na Stanley Cowell waliianzisha ili wanamuziki wabaki na mali yao.

Mimi humjibu rafiki yangu kwamba na sisi tulifanya vile vile. Wakati wao wanajiita Mchezaji na Mganga, huku tulikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Ukimpa mtu wa Chicago santuri ya Western Jazz, wale wa mtindo wa saboso, atakuuliza jazz iko wapi. Ni magitaa, rumba, na shairi la mapenzi yaliyoharibika. Tulichukua neno la watu kwa sababu lilisikika la kisasa, tukaliweka kwenye ngoma na mabango, na hakuna mwalimu wa New Orleans aliyekuja kutusahihisha. Rafiki yangu anasema si sawa, kwa sababu wao walikuwa na kampuni za santuri na sisi tulikuwa na studio ya redio. Nakubali. Hata leo, nyingi za zile ziitwazo albamu za bendi zetu za miaka hiyo zimeundwa na wakusanyaji waliounganisha santuri ndogo za nyimbo mbili mbili. Hancock alichapwa upya. Western Jazz wao wamechapwa kama albamu kwa mara ya kwanza.

Lakini kuna kitu ambacho mshairi hajawahi kunijibu vizuri. Watu wale walipewa majina na mabwana waliowanunua babu zao, na ilipofika siku ya kujipa wenyewe, katika lugha zote za dunia wakaja kugonga kwetu. Wamekosea ngeli. Haya. Kwani wangejifunzia wapi ngeli? Mwaka 1973 kundi la Mwandishi lilivunjika, fedha hakuna, Hancock akaenda kutengeneza "Head Hunters" ambayo iliuza mno, na yale majina yakafifia. Yamebaki kwenye majalada. Kwenye programu za kusikilizia muziki kwa simu utaona neno "Mwandishi" na picha ndogo kama stempu. Ya Mchezaji na Mwile huyaoni. Bob Gluck ameandika kitabu kizuri juu ya kundi hili, kilitoka 2012, lakini wangapi watakisoma?

Ndiyo maana nanunua karatasi. Rafu yangu nimeipanga kwa majina ya Kiswahili, jambo linalowachanganya wageni. Henderson yuko chini ya M, Mganga. Hancock yuko M. Williams yuko M. Priester peke yake ndiye kaenda P, na hapo katikati, kati ya Mtume na Mbaraka Mwinshehe, nimeacha nafasi ya "Alkebu-Lan", ambayo bado sijapata toleo la bei ninayoiweza.