Popo wa kwenye silingibodi

Najua nimepotea, mtanisamehe. Nilikuwa TP, kijijini, mtandao mpaka upande kichuguu. Sasa nimerudi kampasi na kuna kitu nataka nikitoe rohoni.

Nyumba tuliyopewa mimi na mwenzangu ilikuwa nzuri tu, ila juu ya silingibodi waliishi popo. Magharibi wanatoka kwenye upenyo chini ya bati, alfajiri wanarudi. Harufu ya mkojo wao usiniulize. Vinyesi vinadondoka hadi kwenye andalio la somo!

Tukachanga hela tukaita fundi. Akaja saa saba mchana, akaziba kila upenyo kwa saruji, akachukua chake akaondoka. Tukashangilia.

Kumbe bwana, mchana popo wamelala humo humo ndani. Usiku ule ni kukwaruza na kulia mpaka asubuhi. Wengine wakapenya kwenye tundu la taa wakawa wanaruka chumbani, mwenzangu kajifunika shuka anamwita mama yake. Siku ya tatu kelele zikapungua, ikaanza harufu nyingine.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha uainishaji wa wanyama. Nikasema kwa madaha kabisa: popo si ndege, ni mamalia, anazaa na kunyonyesha, mara nyingi mtoto mmoja tu kwa uzao. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyoosha mkono: "Madam, sasa wale wa kwenu wenye watoto walitokaje?"

Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Sikuwa na jibu. Nikageuka nikafuta ubao.

Jioni nikamfuata mzee mlinzi wa shule. Akasema, "Wanangu, si mngeuliza kwanza?" Akabomoa saruji upande mmoja, waliobaki wakatoka. Akatukataza kuziba tena mpaka vitoto vyote viweze kuruka. Tukavumilia wiki kadhaa. Halafu tukaning'iniza kipande cha chandarua kikuukuu mbele ya tundu, juu kimepigiliwa misumari, chini kinaning'inia. Anayetoka anateleza kwa chini, anayerudi hapati njia. Baada ya siku chache hakuna aliyetoka tena, ndipo tukaziba. Waliokufa tuliwaokota kwa mifuko mikononi, maana popo hashikwi mikono mitupu. Vinyesi tulivilowesha kwanza, pua tumeziba, kwa sababu vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu.

Kumbe hata ile saruji isingekuwa na neno, ingekuja tu kwa wakati wake. Na wale popo kazi yao usiku ilikuwa kula wadudu.

Yule binti sikuwahi kumjibu. Siku ya mwisho nilimwambia darasani, mbele ya wenzake, kwamba swali lake lilikuwa sahihi na mimi nilikosea. Akatabasamu, akainama.

Haya wadau, UE hiyo inakuja, ngoja nikadese. Siku njema!