Kwanza Niambie Unaendesha Wapi

Mambo ya gia nilijifunza kwenye malori. Miaka ya 1980, katika gereji za Changamwe, Mombasa, lori lililoshindwa kupanda kilima cha Mazeras na mzigo wake lilikuwa likiletwa kwetu, na dereva alikuwa akilaumu giaboksi tu: ibadilishwe, imechoka. Fundi mkuu wetu, mzee asiyependa maneno mengi, hakumjibu. Alitandika gunia, akaingia uvunguni, akaanza na difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Kisha akapima tairi. Giaboksi aliifikia mwisho.

Mwaka 1992 nilihamia Pontiac, Michigan, nikaajiriwa na gereji iliyoshughulikia yale magari ya Kimarekani ya milango miwili, ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaliyotiwa injini kubwa za V8. Wenyewe huyaita magari ya misuli. Mji huo uko kwenye Woodward Avenue, barabara ambayo vijana wa enzi hizo walishindania mwendo kutoka taa hadi taa, na tangu 1995 kila Agosti hujaa magari hayo yakipita polepole mbele ya watu walioketi kwenye viti vyao kando ya njia. Mimi niliwekwa kwenye meza ya giaboksi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Nyingi zilikuwa Muncie, giaboksi ya gia nne ya General Motors iliyotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1974. Kuna M20, kuna M21, kuna M22. Zile za zamani huzitambua kwa shafti ya mbele: mikato miwili ya duara ni M20, mmoja ni M21, isiyo na mkato ni M22. Wateja walikuja wakiitaka M22 kwa jina lake la utani, Mvunja Mawe. Nami nikawaambia jambo ambalo wengi hawakulifurahia: namba za uwiano wa gia za M22 karibu ni zilezile za M21. Gia ya kwanza ya zote mbili ni 2.20, ya pili 1.64. Tofauti ni kwamba meno ya M22 yamelazwa kidogo tu, kwa hiyo hayasukumi shafti sana kwenda mbele na nyuma, hayapati joto jingi, na yanavumilia kipigo. Malipo yake ni kelele ya kulia njia nzima. Kama injini yako haiwezi kuivunja M21, umenunua kelele.

Ubishi wa kweli ulikuwa kati ya M20 na M21. Vijana waliamini M21 ina mbio kwa sababu gia zake zimekaribiana. Nilichukua chaki nikawaandikia ukutani. Kuanzia 1966, M20 ina 2.52, 1.88, 1.46 na moja kwa moja. Peleka injini hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, ingiza ya pili: M20 inashuka hadi 4,480 hivi, M21 vilevile. Ingiza ya tatu: hapo napo zinakaribia kulingana. Ni ukitoka ya tatu kwenda ya nne ndipo zinapoachana. M21 inakuacha kwenye 4,690, M20 inakutupa 4,110. Sasa jiulize ni mara ngapi unaingia gia ya nne huku injini ikilia 6,000. Kwenye uwanja wa mashindano, kila mbio. Barabarani, polisi watakuwa nyuma yako.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa Changamwe. Zidisha uwiano wa gia ya kwanza kwa uwiano wa difu. M21 na difu ya 4.10 ni 9.02, M20 na difu ya 3.55 ni 8.95. Yakiondoka kwenye taa, magari hayo mawili hayatofautiani. Lakini M21 ukiifunga na 3.55 unapata 7.81, na kwenye foleni utakuwa unachoma klachi kila unapoanza kusogea. Kwa gari la barabarani napenda jibu liwe karibu na kumi. Likipita kumi na mbili, gia ya kwanza inaisha kabla hujakaa vizuri kitini.

Barabara nazo zilibadilika. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, na kwa mwendo huo difu ya 3.73 na tairi la inchi 26 huzungusha injini 2,650 hivi. Kikomo hicho kilifutwa 1995. Ukienda maili 70 kwenye barabara kuu ya I-75 na gari lilelile, injini inafika 3,370, na humsikii aliye kando yako. Ndipo wateja wakaanza kuomba giaboksi za kampuni ya Tremec zenye gia tano au sita.

Nazo zikaleta ugonjwa wake. Mtu anaona gia ya sita ya 0.50 anadhani amepata mafuta ya bure. Kwa 3.73 na maili 70, injini hiyo inazunguka chini ya 1,700. Kama ina kamshafti kali, itatikisika na kukohoa mpaka urudi ya tano. Mimi huchagua 0.64, inayonipa 2,160, na ya kwanza ya 2.87, ambayo kwa 3.73 inatoa 10.7. Ile ya 3.27 inafaa mwenye difu ya uwiano mdogo, kama 3.08 au 3.31; kwa 3.73 itakwisha kwenye maili 38.

Kwa hiyo mteja akiingia na namba yake kichwani namuuliza anakaa wapi, anafanya kazi wapi, na Jumapili gari linakwenda wapi. Wengine hukasirika. Wanataka fundi wa giaboksi, si karani wa sensa.

Langu ni Chevelle ya 1969. Lina M20, na halina gia ya tano. Kutoka nyumbani hadi gereji ni taa za barabarani tupu, na barabara kuu namwachia mke wangu na Toyota yake.