Maua ya Masika Mgongoni mwa Ngong

Mkazi wa Nairobi huiona milima ya Ngong kila siku ya Mungu, na pengine akamaliza miaka ishirini mjini bila kuikanyaga. Huiona asubuhi akiwa amebanwa katika foleni ya magari, imejilaza upande wa magharibi na vilele vyake vinne vimejitokeza kama vifundo vya ngumi. Jioni jua hutua nyuma yake, na mtu huenda zake nyumbani.

Mimi ni jirani yake zaidi, kwani naishi Rongai, lakini nami nilikuwa katika kundi hilo hilo. Jumamosi moja mwishoni mwa Mei nikawachukua watoto wangu watatu tukaenda kupanda. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, watoto walikuwa wamechoka kukaa mbele ya televisheni nami nilikuwa nimechoka kuwafokea. Ya pili, shangazi yangu, ambaye shamba lake liko chini ya milima hiyo kando ya barabara ya Kiserian kwenda Ngong, alikuwa ameniita siku hiyo tuzungumzie jambo la shamba. Mkenya yeyote anajua uzito wa maneno hayo.

Sisi hatuna majira ya kuchipua kama yale ambayo watoto husoma katika vitabu vya kutoka Ulaya, ya theluji kuyeyuka na miti mikavu kuvaa majani. Tuna kitu cha kukaribiana nayo. Masika yakiisha kumwaga, kabla ya baridi kali ya Julai kuingia, kuna wiki chache ambapo ardhi hii ya juu hujaa maua, na ukienda Agosti hutaamini kwamba ni pale pale.

Kwa atakayependa kwenda, matatu za nambari 111 hutoka katikati ya Nairobi hadi mji wa Ngong, mwendo wa kilomita 25 hivi. Kutoka hapo ni bodaboda, au miguu kwa wenye pumzi, hadi lango la Shirika la Huduma za Misitu ambapo hulipwa kiingilio. Kundi laweza kuomba askari wa kulisindikiza, na ushauri wangu ni kuomba, kwani miaka ya nyuma wageni wamewahi kuporwa huko juu. Anayetaka kuvuka vilele vyote hadi Kona Baridi ajiandae kwa zaidi ya kilomita kumi. Sisi tulikuwa na mtoto wa miaka saba, kwa hiyo tuliamua mapema kwamba tutakwenda hadi miguu yake itakaposema basi.

Jambo la kwanza linalomkaribisha mgeni ni mitambo ya upepo. Kwa mbali huonekana kama vijiti, lakini ukisimama chini yake na kusikia mapanga yakikata hewa, unajiona mdogo kama sisimizi. Mitambo miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 kampuni ya KenGen ikaweka mingine mikubwa zaidi, na baadaye ikaongezwa hadi uwezo wa megawati 25.5. Kijana wangu wa miaka 12 alitaka tubaki hapo siku nzima. Upepo wenyewe hauna huruma, na yeyote atakayekwenda na kofia isiyo na kamba ameshaipoteza.

Baada ya mitambo njia hushika mgongo wa mlima, na hapo ndipo maua yanapoanza.

Binti yangu, ambaye ana miaka 16 na huona makosa kabla ya kuona mazuri, alisimama ghafla akasema, "Angalia jinsi watu walivyo wachafu! Wametupa karatasi za shashi kila mahali." Kweli nyasi zilikuwa zimetapakaa vitu vyeupe vilivyokunjamana. Mdogo wake akainama kuokota kimoja, kikawa hakiokoteki. Kilikuwa ua. Wataalamu huliita Cycnium, na lina tabia ya ajabu: ingawa lina majani yake ya kijani, mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya nyasi jirani na kunyonya sehemu ya riziki yake huko. Tangu hapo binti yangu akawa ndiye wa kwanza kuinama kila tulipokutana na rangi mpya, labda kwa kufidia lile kosa.

Na rangi zilikuwa nyingi. Kulikuwa na vimaua vya samawati iliyokolea, vidogo kama vifungo vya shati, vimejibana chini kabisa penye njia. Kulikuwa na mukengeria, yale majani ya kulishia sungura ambayo wengi wetu tuliyakata utotoni bila hata siku moja kuyaangalia maua yake ya buluu, yenye petali mbili zilizosimama kama masikio. Kwenye mteremko kulikuwa na mabua marefu yenye maua ya rangi ya machungwa yaliyojipanga duara duara, duara moja juu ya jingine, na kila bua lilikuwa na ndege chozi wake akining'inia kufyonza utamu. Chini ya kichaka kimoja tulikuta ua la mwisho la aina ile inayofanana na mpira mwekundu wa sindano. Hilo hutoka na mvua za kwanza, mara nyingi kabla ya majani yake, kwa nguvu ya kitunguu kilichojificha ardhini. Lilikuwa limechelewa wenzake wote. Mtoto alitaka kuling'oa ampelekee nyanya yake. Nikamwambia kitunguu chake ni sumu, na kwamba kama kila anayepanda akichukua moja, wa mwisho hatapata kitu. Alinuna kwa dakika tano nzima.

Tulipofika kilele cha pili tulikaa chini kula mayai na viazi vitamu. Ukikaa pale umekaa juu ya mpaka. Iko hadithi ya jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka, na mahali lilipoegemeza mkono udongo ukafinyangika katikati ya vidole vyake. Wanajiolojia nao husema haya ni mabaki ya volkano ya kale ambayo upande wake wa magharibi ulididimia Bonde la Ufa lilipofanyika. Ukitazama unaona habari zote mbili zinakubaliana na macho. Magharibi ardhi inaporomoka hadi bondeni, kukavu na kwa rangi ya majani makavu, maboma yakiwa mbali mbali na Mlima Suswa umekaa kama sahani iliyofunikwa. Mvua nyingi humwagika upande wa mashariki, na huko ndiko kwenye mashamba.

Au ndiko yalikokuwa. Hapa ndipo nilipopoteza hamu ya kula.

Nilipandishwa milima hii na marehemu baba mara moja, miaka ya 1980 mwanzoni. Nakumbuka aliniashiria chini akanionyesha mahindi, malisho, ng'ombe, na nyumba moja moja zilizotengana. Sasa kutoka Ngong kupita Matasia hadi Kiserian niliona mabati, mabati ya buluu, mekundu na yale ya kung'aa, na kijani kimebaki vipande vipande kama viraka vya suruali. Kaskazini zaidi kuna reli mpya, ile ya treni zilizoanza kwenda Naivasha Oktoba 2019, ambayo hupita ndani ya mlima kwa njia ya chini ya kilomita nne na nusu.

Biashara ya kukata mashamba hapa haikuanza na kizazi chetu. Upande wa Nairobi unaona eneo lenye miti mingi. Hiyo ni Karen. Palikuwa na shamba la kahawa la ekari 6,000 la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark. Kahawa ilimshinda, kwani mahali pale ni juu mno kwa zao hilo, na mwaka 1931 alirudi kwao. Mnunuzi aliyechukua ardhi aliigawa vipande vya ekari 20. Watu wa wakati ule waliviona vipande hivyo kuwa vidogo! Kwa upande wa Wamaasai, sheria ya mwaka 1968 iliweka malisho yao chini ya ranchi za vikundi, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi za Kajiado ziligawanywa kwa watu binafsi, na waliogawiwa wengi nao wakauza. Siku hizi kipimo ni futi 50 kwa 100. Ekari moja hutoa ploti nane za namna hiyo ukishatoa barabara.

Siwezi kujifanya mtakatifu. Nyumba yangu imesimama juu ya ploti ya namna hiyo hiyo, na mzee aliyeniuzia alinionyesha mti ambao ng'ombe wake walikuwa wakipumzika chini yake. Niliukata kuchimba choo.

"Baba, shamba la nyanya liko wapi?" Kitindamimba aliuliza.

Tulitafuta muda mrefu. Ni kijana wa miaka 12 aliyeliona, kwa kufuata barabara kutoka Kiserian hadi kwenye kituo cha petroli, kisha kanisa, kisha tangi jeusi la maji. Lilikuwa ekari tatu za kijani kibichi, mraba kamili, na nyumba zimelizunguka pande tatu. Hakuna aliyesema kitu. Binti yangu alipiga picha kwa simu, akaikuza mpaka ikawa ukungu mtupu.

Miguu ya mtoto ilisema basi kabla ya kilele cha Lamwia, chenye mita 2,460. Tukageuka. Kuteremka ni kazi kuliko kupanda baada ya mvua, kwani udongo huteleza, na mimi nilianguka mara mbili mbele ya kundi la wanafunzi wa chuo waliocheka kwa adabu.

Tulifika kwa shangazi saa tisa, tumetapakaa matope. Yeye huniita baba, kwa kuwa jina langu ni la baba yake, na kwa sababu hiyo husikiliza ninachosema kwa makini kuliko ninavyostahili. Alitupa githeri na kabichi, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Dalali alikuwa amekuja mara tatu. Alitaka ekari moja ya upande wa barabara. Binamu zangu wawili walikuwa wamekubali. Mmoja ana karo ya chuo ya kulipa, mwingine anataka lori. Kwa sheria ya mwaka 1967 shamba haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na bodi kwa kawaida hutaka kuona familia imekubaliana. Alitaka kujua nasemaje.

Nilitaka kusema usiuze. Lakini nilikumbuka ule mti wangu, na nikakumbuka pia kwamba karo ya mtoto wa mwenzangu silipi mimi. Nilikaa kimya nikichezea kikombe.

Kitindamimba ndiye aliyesema. "Nyanya, tumeliona shamba lako kutoka juu."

"Mmeliona? Kweli?" Aliinuka kitini kidogo. "Kutoka kule kwenye mapanga?"

"Mbele zaidi. Ni la kijani lote. Mengine ni mabati."

"Na mahindi yanaonekanaje?"

Mtoto akafikiri. "Kama mkeka."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho. Akatoka nje akasimama kibarazani akiitazama milima, ambayo wingu lilikuwa limeanza kuifunika kilele kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu kujiona kutoka kule. Aliishi chini yake tangu mwaka 1974 na hajawahi kuipanda hata siku moja. Aliporudi alimwita binamu yangu mdogo aliyekuwa akikamua ng'ombe.

"Yule mtu akipiga simu," akamwambia, "mwambie mahindi hayajakomaa."

"Na yakishakomaa, mama?"

"Mwambie hivyo kwanza," akasema, akaenda kuwafungia watoto maziwa kwenye chupa.