Kilwa Kisiwani kwa Jicho la Samaki

Tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331. Ndani ya Msikiti Mkuu, kamera yetu ilishindwa: kila tulipotaka kulipata kuba zima, nguzo zilituziba. Tukafunga lenzi ya jicho la samaki, ionayo nyuzi 180, tukailaza kamera sakafuni ikitazama juu. Kuba, matao na nguzo vikaingia vyote katika picha moja.

Binti yetu alipoitazama, aliuliza kwa hofu, "Nguzo zinaanguka?"

Swali lile lilitugusa. Picha ilikuwa ya bibi yake, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri. Atakachokiona humo ndicho atakachokiamini. Lenzi hii hupinda kila mstari usiopita katikati ya picha. Basi tukainyanyua kamera, tukaisimamisha sawasawa, na nguzo moja tukaiweka katikati. Ikasimama wima, kama walivyoijenga wazee wetu.

Tulimpelekea bibi picha zote mbili, na nyuma ya ile ya kwanza tukaandika: "Kilichopinda ni lenzi, si msikiti."