Nilipojifunza Modi kwa Mwanangu

Akina mama wenzangu, mwanangu ana miaka 18, na siku hizi maneno yake nyumbani ni machache. Ila ukimtajia Skyrim, anafunguka. Huu ni mchezo wa kompyuta kutoka Marekani, wa mwaka 2011, ambamo mchezaji huwa shujaa katika nchi ya theluji na majoka. Kwao hupangiwa wenye miaka 17 na zaidi.

Alitaka kuuongezea modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe: nyumba, mavazi, hata hali ya hewa. Nikamwomba tujifunze pamoja.

Kwanza tulinakili safari yake iliyohifadhiwa, kazi ya miezi minne, tukaiweka mahali salama. Pili tulisoma maelezo yote ya mtengenezaji, maana modi nyingine haifanyi kazi bila mwenzake. Tatu tuliweka moja tu, tukaijaribu, ndipo tukaweka ya pili. Modi mbili zikigusa kitu kimoja, mara nyingi inayopakiwa mwisho ndiyo hushinda. Na kuiondoa modi katikati ya safari kwaweza kuiharibu safari yenyewe.

Zipo pia modi za aibu. Nilimweleza wazi msimamo wangu, naye alisikiliza, kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu naye, si kusimama mlangoni.

Dada mpendwa, mwombe mwanao akufundishe jambo moja analolipenda. Huenda ukasikia mengine aliyokuwa ameyaficha moyoni.